Malale na Msito wa Pumzi: Historia ya Majina ya Maradhi Mawili ya Usingizi, Kilwa na Pwani ya Lindi

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo watafsiri hutuletea, yako yanayojibika kwa neno moja, na yako yasiyojibika mpaka kwanza historia ya neno lenyewe ifukuliwe. Swali tunalolijadili katika makala haya ni la aina ya pili. Karatasi moja ya mafunzo ya afya, iliyokusudiwa kusomwa na watu wa Kilwa na pwani ya Lindi, ililetwa mezani kwetu ikaguliwe lugha. Ilieleza hali ya mtu ambaye pumzi yake husimama mara nyingi usiku akiwa usingizini, naye asijue, kisha mchana akawa anasinzia kazini. Mtafsiri, ambaye kazi yake kwa jumla ilikuwa nzuri, aliiita hali hiyo kwa majina matatu katika kurasa nne: mahali pamoja 'ugonjwa wa usingizi', mahali pengine 'kukoroma', na mahali pa tatu 'kukata pumzi'. Kila moja ya majina hayo lina maana yake katika Kiswahili, na hakuna hata moja ambalo maana yake ni hali hiyo.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona jambo hili kuwa dogo. Nia yetu ni kuonyesha kwamba si dogo. Maradhi yasiyo na jina hayaulizwi hospitalini, hayaandikwi daftarini, wala hayahesabiwi. Na maradhi yaliyovikwa jina la maradhi mengine huhesabiwa pasipo pake. Tutaanza kwa kueleza jina ambalo tayari lina mwenyewe katika bara la Kilwa, yaani malale. Kisha tutafuata historia ya maradhi ya pili, namna yalivyopata jina na namna yalivyohesabiwa miongoni mwa watu wa umri wa makamo. Mwisho tutatoa pendekezo letu.

Jina lenye mwenyewe

Ni wazi kwamba neno malale limejengwa juu ya mzizi wa kitenzi lala. Maradhi yanayoitwa hivyo huletwa na vijidudu viingiavyo katika damu kwa kuumwa na mbung'o. Mgonjwa huanza kwa homa na maumivu ya kichwa. Vijidudu vikishafika kwenye ubongo, usingizi wake hupinduka, akawa anakesha usiku na kulala mchana. Katika vitabu vya afya maradhi hayo hayo huitwa pia 'ugonjwa wa usingizi', jina linalolingana neno kwa neno na majina yaliyotumiwa na Wajerumani na Waingereza waliotawala nchi hii. Kwa hiyo majina hayo mawili ni visawe, na yamekuwa visawe kwa miaka mingi.

Sifa mbaya ya malale katika Afrika ya Mashariki ilianza kando ya Ziwa Viktoria. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, watu zaidi ya 200,000 walikufa katika nchi ya Busoga na visiwa vya Uganda. Mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Mwaka 1910 wataalamu walitambua kijidudu cha aina ya pili, kinachoua kwa haraka zaidi, katika muda wa majuma au miezi. Aina hiyo ya pili ndiyo iliyoikumba kusini ya Tanganyika.

Kusini kulikuwa na sababu zake. Vita vya Majimaji vilivyoanza katika vilima vya Umatumbi mwezi wa Julai 1905 vilizimwa kwa moto na njaa. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na akiba za chakula, na watu wengi mno walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Palipokuwa mashamba pakarudi kuwa pori. Pori likaleta wanyama, na wanyama wakaleta mbung'o. Helge Kjekshus, katika kitabu chake kuhusu historia ya mazingira ya Afrika ya Mashariki kilichotoka mwaka 1977, alisisitiza hoja hii: kwamba mbung'o hakuwakuta watu wa nchi hii wakiwa wameshindwa naye tangu asili, bali alisonga mbele pale ambapo watu walipunguzwa na kutawanywa.

Liwale, ambako boma lake wakati wa Wajerumani lilikuwa chini ya Kilwa, na ambayo leo ni wilaya ya Mkoa wa Lindi, iliona matokeo ya jambo hilo kuliko mahali pengi. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka sehemu kubwa za Liwale na kuwakusanya katika makazi mapya. Sababu iliyotangazwa ilikuwa malale. Ardhi waliyoiacha iliunganishwa na pori la akiba la Selous, ambalo lilipewa jina la Mwingereza aliyeuawa vitani huko Behobeho mwaka 1917, na ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wanahistoria wamebishana iwapo malale peke yake ndiyo yaliyowahamisha watu, au pia haja ya kuwatenga wakulima na tembo waliokuwa wakila mazao yao. Kwa kazi yetu ya istilahi, ubishi huo hauna haja ya kumalizwa hapa. La muhimu ni kwamba jina la maradhi lilitiwa katika amri ya serikali, na kwa jina hilo watu walitoka kwenye makaburi ya wazee wao, na nyumba zao zikawa pori.

Mtoto aliyezaliwa Liwale kabla ya kuhamishwa huko leo amefika au amepita miaka 80. Mzee wa namna hiyo akiambiwa katika zahanati kwamba mwanawe ana 'ugonjwa wa usingizi', haelewi kwamba anaambiwa habari za koo na pumzi. Anaelewa mbung'o. Basi istilahi hiyo si chombo kitupu ambacho mtafsiri anaweza kukijaza atakacho.

Maradhi yaliyoanza kwa mzaha

Sasa tuyatazame maradhi ya pili. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kiasi cha ulimi na nyama za koo kuziba njia ya hewa. Kifua huendelea kujitahidi kuvuta, lakini hewa haipiti. Kiasi cha oksijeni katika damu hushuka, ubongo humshtua mtu kwa nukta chache tu, koo hufunguka kwa mkoromo mkubwa, kisha mtu hulala tena na mambo hurudia yale yale. Huweza kutokea mara mia na zaidi kwa usiku mmoja, na asubuhi mwenyewe hakumbuki hata mara moja. Anachojua ni kwamba amelala saa nane na ameamka amechoka. Wapo wengine, nao ni wachache zaidi, ambao koo lao liko wazi lakini ubongo wenyewe hausukumi pumzi.

Hali hii haikuanza juzi, lakini tiba ilichelewa kuipa jina la heshima. Mwaka 1956 madaktari wa Boston, Marekani, wakiongozwa na C. Sidney Burwell, walimweleza mgonjwa mmoja mnene sana aliyezoea kucheza karata mara moja kwa juma. Siku moja alipewa karata nzuri mno, naye kwa kuwa alikuwa amepitiwa na usingizi, hakuzitumia. Ndipo alipoona kwamba hana budi kwenda hospitali. Madaktari hao waliyapa maradhi yake jina la kitabu cha hadithi cha Charles Dickens, Pickwick, kilichotoka mwaka 1836 na 1837, ambamo yumo kijana mnene aitwaye Joe anayelala kila mahali, hata akiwa amesimama mlangoni.

Jina hilo lilikuwa na ucheshi, na ucheshi wake ulileta hasara. Lilimfanya daktari amtazamie mtu mnene wa kuchekesha. Mtu mwembamba mwenye koo jembamba hakuingia katika jina hilo. Mwanamke aliyelalamika kwamba hapati usingizi wa kutosha na kwamba kichwa kinamuuma kila asubuhi naye hakuingia. Aidha, jina halikutaja pumzi hata kidogo, ilhali pumzi ndiyo kiini cha mambo.

Mwaka 1965 wataalamu wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila kundi kwa upande wake, walipima wagonjwa wa namna hiyo usiku kucha na kuona kwamba pumzi zao zilikuwa zikisimama. Ndipo mkazo ulipohama kutoka unene kwenda kwenye pumzi. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliyapa maradhi hayo jina linalotumika duniani hadi leo, kwa kuchukua neno la Kigiriki apnea, ambalo maana yake ni kutokuwa na pumzi. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walieleza mashine inayopuliza hewa puani usiku kucha ili koo lisizibe. Hivyo kutoka kupatikana kwa jina sahihi mpaka kutangazwa kwa tiba kubwa ilipita miaka mitano tu. Hatusemi kwamba jina ndilo lililoleta tiba; tunasema kwamba vyote viwili vilitokana na kuyatazama maradhi mahali yalipo.

Hesabu ya watu wa makamo

Mradi jina na maana vimekubaliwa, kuhesabu kunawezekana. Wataalamu walikubaliana kwamba pumzi iliyosimama kwa nukta 10 au zaidi ihesabiwe kuwa mara moja, na kwamba pumzi iliyopungua sana bila ya kusimama kabisa ihesabiwe pamoja nayo. Jumla ya mara hizo hugawanywa kwa saa za usingizi. Anayepata 5 au zaidi kwa saa huhesabiwa kuwa nayo hali hii. 15 na zaidi ni kiwango cha kati. 30 na zaidi ni kiwango kikali.

Utafiti uliofungua macho ya wengi ulichapishwa mwaka 1993 na Terry Young na wenzake. Waliopimwa walikuwa wafanyakazi 602 wa serikali ya jimbo la Wisconsin, Marekani, wenye umri wa miaka 30 hadi 60. Tunawaomba wasomaji wetu walio katika utumishi wa umma waizingatie habari hii: hawakuwa wagonjwa waliotafutwa wodini, bali makarani na maofisa waliokuwa wakienda kazini kila siku. Katika kila wanawake 100, 9 walikuwa na misimamo ya pumzi 5 au zaidi kwa saa. Katika kila wanaume 100, 24. Lakini walipohesabiwa wale tu ambao pamoja na hali hiyo walisumbuliwa pia na kusinzia mchana, idadi ilishuka ikawa 2 kwa wanawake na 4 kwa wanaume.

Hapa mtaalamu wa istilahi hana budi kusimama kidogo. Asilimia 24 na asilimia 4 zimetoka kwa watu wale wale, usiku ule ule. Tofauti yake si ya vipimo bali ni ya maana: hesabu ya kwanza ni ya dalili ya usiku, na ya pili ni ya maradhi yenye taabu ya mchana. Mtafsiri anayetumia neno moja kwa yote mawili atamfanya msomaji aamini ama kwamba robo ya wanaume ofisini ni wagonjwa, ama kwamba tatizo lenyewe ni la watu wachache sana. Kila moja ni kosa.

Wisconsin ilipohesabiwa upya na makadirio yake kutolewa mwaka 2013, idadi ilikuwa imepanda. Kwa kiwango cha kati na kikali, yaani 15 na zaidi kwa saa, wanaume wa miaka 30 hadi 49 walikuwa asilimia 10, na wa miaka 50 hadi 70 asilimia 17. Wanawake walikuwa asilimia 3 na asilimia 9 kwa umri huo huo. Unaonekana wazi mwendo wa umri: hali hii huzidi mtu avukapo miaka 50, na kwa wanawake huongezeka mara tatu. Huko Lausanne, Uswisi, matokeo ya mwaka 2015 yalikuwa makubwa zaidi: kwa watu wa miaka 40 hadi 85, karibu nusu ya wanaume na karibu robo ya wanawake walifikia kiwango cha kati au kikali. Sehemu ya ongezeko hilo imetokana na unene, na sehemu na umri mkubwa zaidi wa waliopimwa. Lakini sehemu nyingine imetokana na vyombo vinavyonasa pumzi ndogo ambazo vyombo vya zamani havikuzinasa, na kanuni mpya za kuhesabu. Neno lilipobadilika maana kidogo, maelfu ya watu waliingia katika hesabu bila ya wao wenyewe kubadilika.

Mwaka 2019 yalitolewa makadirio ya dunia nzima: watu milioni 936 wenye umri wa miaka 30 hadi 69 walikadiriwa kuwa na hali hii, na miongoni mwao milioni 425 kwa kiwango cha kati au kikali. Ni vyema ifahamike kwamba vipimo vyenyewe vilitoka katika nchi 16 tu. Nchi nyingine zilikadiriwa kwa kufananishwa na hizo. Afrika nayo imeanza kupimwa kwa vyombo: nchini Benin, uchunguzi wa watu wa mjini na wa kijijini ulionyesha kwamba zaidi ya mtu 1 katika kila 10 alifikia kiwango cha kati au kikali. Kwa hiyo hoja kwamba haya ni maradhi ya Wazungu wanene haina mashiko tena.

Sasa tuweke hesabu mbili kando kwa kando. Malale, yenye majina mawili katika Kiswahili, tangu mwaka 2018 yamekuwa na wagonjwa wapya wanaoripotiwa wasiofika 1,000 kwa mwaka katika Afrika nzima. Ni ushindi mkubwa wa afya ya umma. Maradhi ya pili, yanayokadiriwa kuwapata watu karibu milioni elfu moja, hayajapata katika Kiswahili hata jina moja lililokubalika.

Msamiati wa pwani na mipaka yake

Haielekei kusema kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya usiku. Pwani yetu, tangu Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hadi Lindi na Mikindani, ina msamiati mpana: kukoroma, kuweweseka, kuhema, kutweta, kupaliwa, kusinzia, kupitiwa na usingizi, lepe la usingizi, mang'amung'amu, kulala fofofo. Taabu ni kwamba kila neno linamvuta mgonjwa upande wake.

Kukoroma ni sauti. Kwa watu wengi sauti hiyo ni ushahidi wa usingizi mzuri, tena ni jambo la utani baina ya mashemeji na mabinamu. Zaidi ya hayo, si kila akoromaye pumzi yake husimama, na hatari yenyewe imo katika ule ukimya unaofuata mkoromo. Neno linalotaja sauti haliwezi kutaja ukimya.

Jinamizi ni jina la kile kinachomkalia mtu kifuani usiku akashindwa kujinasua. Mtu anayeshtuka huku akitafuta hewa aghalabu huambiwa kwamba amekabwa na jinamizi, na huelekezwa kwenye dua au kwa mganga. Hatudharau dua. Tunasema tu kwamba neno hilo linaeleza hofu ya anayeamka, wala halielezi koo lililoziba.

Kukata pumzi kuna kasoro nyingine. Neno hili liko karibu mno na kukata roho. Muuguzi akimwambia mke kwamba mumewe 'hukata pumzi' kila usiku, atamtia hofu ya msiba, ilhali pumzi hiyo hurudi kila mara.

Na liko neno la mchana, zito kuliko yote: uvivu. Mtu wa makamo anayesinzia katika mkutano, karani anayepitiwa na usingizi juu ya jalada, mwalimu anayelala walimu wenzake wakisahihisha madaftari, wote huitwa wavivu, na pengine hupewa barua ya onyo. Dereva naye huitwa mzembe, baada ya ajali. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba hatari ya ajali kwa dereva mwenye maradhi haya huzidi ya wengine kwa mara mbili hivi. Tangu daraja la Rufiji, liitwalo daraja la Mkapa, lifunguliwe mwaka 2003, mabasi na malori yanakwenda moja kwa moja kutoka Dar es Salaam kupitia Kibiti na Nangurukuru hadi Lindi na Mtwara. Njia hiyo ni ndefu na joto lake ni kali. Tukimwita dereva mzembe tu, tunamfunga. Tukiwa na jina la maradhi, tunaweza kumpima kabla hajashika usukani.

Maswali yanayosubiri tafsiri

Kwa kuwa vyombo vya kupimia usingizi ni ghali, kazi ya kwanza ya kuwatafuta wagonjwa hufanywa kwa maswali, nayo maswali ni kazi ya mtafsiri. Mwaka 1991 Murray Johns, daktari wa Melbourne, Australia, alitunga orodha ya hali 8 ambamo mtu huulizwa kama angesinzia. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla inayopita 10 ni dalili ya usinziaji uliozidi. Orodha hiyo imeenea dunia nzima. Lakini moja ya hali hizo ni kuwa ndani ya gari lililosimama kwa dakika chache katika msongamano, na nyingine ni kutazama televisheni. Mvuvi wa Songo Mnara atajibu nini? Akisema hapana, amesema kweli, naye atapungukiwa na alama kwa sababu hana gari, si kwa sababu hana maradhi.

Mtafsiri mwangalifu atatafuta hali za mahali penyewe: kuketi barazani baada ya chakula cha mchana, kusubiri zamu kwenye benchi la zahanati, kusikiliza mawaidha msikitini, kuwa abiria ndani ya basi kwa saa nzima. Hata hivyo akumbuke kwamba hali zikibadilishwa, kipimo kimekuwa kipya, na hapana budi kijaribiwe upya kabla ya alama zake kulinganishwa na za Melbourne. Akumbuke pia kutenga uchovu na usinziaji. Mpwani aliyeulizwa kama 'anachoka' atajibu ndiyo kwa sababu ya kasia au jembe. Swali ni kama anasinzia pale ambapo hakukusudia.

Orodha nyingine iliyotungwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008, huuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwona mhusika akisimama kupumua usingizini. Swali hili lina faida kubwa kwetu, kwa kuwa linamtafuta shahidi, naye ni mume au mke, au ndugu alalaye chumba kimoja na mhusika. Mgonjwa mwenyewe hajui. Mwenziwe ndiye ajuaye. Lakini shahidi hawezi kutoa ushahidi wa jambo ambalo ameulizwa kwa neno la kifo au la utani.

Pendekezo

Tunapendekeza kitenzi kusita. Kusita ni kusimama kwa muda kisha kuendelea, nayo ndiyo tabia ya pumzi tunayoieleza. Ni neno la Kiswahili lijulikanalo na kila mtu, halina hofu ya mauti wala mzaha wa mkoromo. Kutokana nalo tunapata 'msito wa pumzi' kwa tukio moja, na 'misito' kwa matukio mengi. Hali yenyewe iitwe 'msito wa pumzi usingizini'. Pale ambapo hali hiyo imeandamana na taabu ya mchana, isemwe 'maradhi ya msito wa pumzi usingizini', ili zile hesabu mbili za Wisconsin zisichanganywe tena. Pumzi iliyopungua bila ya kusimama iitwe 'mpunguo wa pumzi'. Kwa aina mbili za maradhi tunapendekeza 'msito wa kuziba', ambapo koo limezibwa, na 'msito wa ubongo', ambapo ubongo hausukumi.

Tunajua kwamba pendekezo hili lina upinzani. Wapo watakaosema kwamba ingetosha kuandika 'apnea', kwa kuwa ni neno la kimataifa. Kwa daktari linatosha. Kwa shahidi wa usiku halitoshi, kwa sababu halimwambii asikilize nini. Wapo watakaosema kwamba 'misito' na 'misitu' yatakanganywa mitamboni na wapiga chapa. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kusahihisha kwa uangalifu. Wengine watapendelea 'mzibo wa pumzi'. Nasi tunaliona kuwa ni neno zuri, ila halitamjumuisha yule ambaye koo lake halikuziba.

Jambo moja ndilo ambalo tunaliomba kwa msisitizo: 'ugonjwa wa usingizi' uachiwe malale. Jina hilo limekwisha kulipiwa gharama yake katika bara la Kilwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba maradhi mawili yanayofanana kwa kusinzia mchana yamekuwa na historia zisizofanana. Moja lilipewa jina mapema, likahesabiwa, watu wakahamishwa kwa ajili yake, na hatimaye likakaribia kutokomezwa. Jingine lilichekwa kwanza, likapata jina baadaye, na hesabu yake imekuwa ikipanda kila maana yake inapotengenezwa. Katika Kiswahili bado liko pale lilipokuwa kwa Waingereza wakati wa Dickens, yaani katika utani.

Tunawaalika waalimu, watafsiri na wauguzi, hasa wa Kilwa, Lindi, Liwale na Mikindani, watuletee maneno yatumikayo kwao kwa hali hii, katika Kimgao na katika lugha za Kimatumbi, Kingindo, Kimwera, Kimachinga na Kimakonde. Ikiwa liko neno la mahali linaloieleza pumzi inayosimama na kurudi, litakuwa na haki kuliko letu. Huenda neno hilo liko kinywani mwa bibi fulani ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimgusa mumewe begani usiku, ili apumue.